Wa Windows na wa Linux, nani kati yenu atakuja kuniwashia printa saa 12 asubuhi?

Wakuu, habari za majukumu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "Windows vs Linux". Ule nimeusoma wote, macho yameniuma, na hakuna hata mmoja aliyetaja printa.

Nina steshenari Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Natoa kopi, nachapa, napiga laminesheni, nawajazia vijana maombi ya vyuo na ya kazi. Nalisema hili mapema asije mtu akaniuliza kompyuta naitumia kufanyia nini. Naitumia kununulia unga.

Sasa sikilizeni. Jumanne iliyopita, saa 12 na robo asubuhi, hata kufagia sijamaliza, akaingia mzee wa mtaani kwetu. Amefiwa na mama mkwe. Flashi ameifunga kwenye leso, anaifungua taratibu kama anatoa nauli. Ndani kuna ratiba ya mazishi, kurasa 2, anataka nakala 120, na mwili unatoka mochwari saa 4. "Mwanangu, nisaidie." Nikamwambia baba kaa hapo kwenye kiti, hii ni kazi ya dakika 20.

Usiku umeme ulikatika, ukarudi alfajiri. Kumbukeni hilo.

Nikawasha kompyuta, Linux Mint (mfumo wa bure wa kompyuta, unakaa badala ya Windows) ikafunguka vizuri tu, nikafungua faili, nikabonyeza chapa. Kimya. Kwenye foleni kazi ipo. Printa taa ya kijani inawaka. Kompyuta inaniambia printa iko tayari. Karatasi haisogei. Nikachomoa kebo, nikachomeka. Nikazima, nikawasha. Nikafuta printa kwenye mfumo, nikaiongeza upya, ikaitikia jina lake bila shida, hadi namba ya modeli. Karatasi haisogei. Mzee anaangalia saa ya ukutani, halafu ananiangalia mimi, haongei. Afadhali angegomba.

Kumbe ni hivi, na hili nimelijua jioni baada ya kusoma hadi kichwa kikauma. Kuna printa za leza za bei nafuu ambazo hazihifadhi ndani fimwea, yaani ile programu ndogo inayoziendesha. Ukizima, zinasahau kila kitu. Ukiwasha, lazima kompyuta izipelekee fimwea upya kupitia kebo ya USB, ndipo zikumbuke kwamba ni printa. Kwenye Windows draiva, ile programu inayounganisha kompyuta na printa, inafanya hivyo kimyakimya, hujui hata kama jambo hilo lipo. Kwenye Linux kampuni ilitoa draiva, sawa, tena ya wazi, yeyote anaweza kuusoma msimbo wake, kila mtu anaipongeza. Lakini kipande chenye fimwea kimefungwa, hakimo kwenye draiva, unakishusha peke yake kutoka kwenye tovuti yao. Na toleo la kipande lazima lilingane na toleo la draiva. Jumatatu jioni nilisasisha Mint kama mtu mwenye akili timamu anavyoshauriwa. Draiva ikapanda toleo, kipande kikabaki cha zamani. Kwa vile printa ilikuwa inawaka bado, ikaendelea kuchapa hadi nafunga duka, sikujua kitu. Umeme ulipokatika usiku, ikasahau. Asubuhi ikaamka haina wa kuikumbusha.

Asubuhi hiyo mimi sijui lolote kati ya hayo. Nachoona ni ujumbe unaoniambia nishushe kitu. Haya, kushusha. Intaneti ya ruta ya jirani hakuna, bado kalala. Nikachomeka simu kwa kebo, Mint ikaipokea hapo hapo, nawapa haki yao wa Linux, sikuweka draiva yoyote. Bando likaisha katikati. Nikanunua jingine. Upakuaji ukakwama, ukaanza upya, ukakwama.

Saa 1 na dakika 10 mzee akasimama, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, ngoja nijaribu kwa yule kijana ng'ambo."

Yule kijana ng'ambo ya barabara anatumia Windows 7. Windows 7 ya kupigiwa mtaani, ambayo Microsoft waliacha kuisasisha Januari 14, 2020. Antivirusi hana. Kila mtu humu angemwambia anacheza na moto. Printa yake ni modeli ile ile ya kwangu! Kabla ya saa 2 mzee kapita mbele ya duka langu na bahasha yake, akanipungia mkono. Sijui kwa nini ule mkono ndio ulionikasirisha kuliko yote.

Haya, sasa mtaniuliza Linux nilifuata nini. Nilifukuzwa kule kwingine.

Kompyuta yangu nilinunua mtumba Kariakoo, Core i5 kizazi cha 6, RAM 8, nikaongeza SSD, inakimbia. Windows 10 ilitoka Julai 29, 2015, msaada wake ukafika mwisho Oktoba 14, 2025. Ukitaka kuongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, kuna dola 30, au uwe umekubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao. Nikasema basi tupande Windows 11. Nikaendesha ile programu yao ya kukagua kompyuta. TPM 2.0 (chipu ya kutunza siri za kompyuta), ipo. Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), ipo. RAM wanataka 4, ninazo 8. Diski wanataka GB 64, ninazo 240. Prosesa: hapana. Kwa upande wa Intel wanaanzia kizazi cha 8.

Nikauliza humu humu kwa nini. Mkaniambia ni usalama mkuu, prosesa za zamani haziwezi. Sawa. Basi nielezeni hili: kizazi cha 7 nacho walikikata karibu chote, wakaacha chache tu, na mojawapo ya walizoziacha ni i7-7820HQ. Mnajua iko kwenye mashine gani? Surface Studio 2, ya Microsoft wenyewe. Usalama huo unajua kutambua mtoto wa nyumbani. Anayetaka kubisha akasome orodha yao, haijafichwa.

Najua, najua, kuna Rufus, ile programu ya bure ya kuweka Windows kwenye flashi. Unatengeneza flashi, unaweka tiki pale pa kuondoa masharti, unaruka ukuta. Nimewafanyia wateja zaidi ya 10. Lakini kuruka ukuta si kuwa na funguo: toleo jipya la mwaka likija huna uhakika litashuka lenyewe, na toleo la Windows 11 linaloitwa 24H2 limeshawaachia nje wenye prosesa za zamani za Core 2 Duo kabisa, maana linataka maagizo ya prosesa ambayo zile hazina, na hapo hakuna tiki itakayokusaidia. Mimi duka langu sitaki liendeshwe kwa kuruka ukuta. Ndiyo maana nikahamia Mint.

Kwa hiyo hesabu yangu iko hivi: kompyuta nzima, haina hata mkwaruzo, imekataliwa upande wa kwanza. Printa nzima, tona nimejaza juzi, inapokelewa upande wa pili kwa masharti ya kadi ya mwaliko. Nyie mnaendelea kubishana menyu ya nani nzuri.

Na wa Mac msijifiche, nimewaona mnacheka. Mac mini yenye prosesa ya Intel Apple waliiuza hadi Januari 2023. Septemba 2025 wakatoa toleo jipya la mfumo wao, macOS Tahoe, ile Mac mini haimo kwenye orodha. Hata miaka 3 ilikuwa haijatimia tangu itoke rafuni. Na Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel zilizobaki. Kaeni kitako.

Lakini wanaoniudhi zaidi ni ndugu zangu wa Linux, maana hao ndio walionipokea, na anayekupokea ndiye unayemtegemea. Kila nikiuliza modeli, jibu ni neno moja: "inasapoti." Inasapoti nini? Ikiwa imewashwa? Baada ya kusasisha? Umeme ukikatika? Mtu kaichomeka mara moja nyumbani kwake, ikatoa karatasi ya majaribio, kaja kuandika inasapoti, kaondoka. Mwingine ananiambia kosa ni langu, ningesoma maelezo ya toleo kabla ya kusasisha. Kaka, nina foleni ya watu 6 na mtoto analia mgongoni kwa mteja, nisome maelezo ya toleo?

Halafu kinachochekesha, kama una moyo wa kucheka. Hizi harakati za programu huru, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kusoma na kubadili msimbo wake, chanzo chake kimoja ni printa! Richard Stallman, mwandishi wa programu pale chuo cha MIT Marekani, miaka ya mwanzo ya 80, walipewa printa ya leza ya Xerox ikawa inakwamisha karatasi. Kwenye printa ya zamani alikuwa ameongeza programu ya kumjulisha mtu karatasi ikikwama. Kwenye mpya akanyimwa msimbo, hasira ikamkaa, na Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, ambao programu zake zimo ndani ya mifumo ya Linux kama Mint yangu. Zaidi ya miaka 40! Leo mtumiaji wa mfumo uliozaliwa kwa hasira ya printa kasimama Msamvu anaiangalia printa.

Nikitulia najua kosa si la wanaojitolea kuandika Linux. Wenyewe wamefanya kazi ya ajabu. Draiva ikiingia ndani ya kernel, kile kiini cha Linux, inatunzwa humo miaka na miaka, ndiyo maana kadi ya sauti na Wi-Fi za mtumba wangu zilikubali bila CD wala kutafuta mtandaoni. Debian, Linux nyingine, nao tangu toleo la 12, Juni 2023, wameacha ugumu, fimwea zilizofungwa zinakuja kwenye diski yao rasmi. Wenye kosa ni wanaotengeneza kifaa, wanafunga kipande kimoja kidogo, halafu wanasema Linux inakubalika. Kampuni siitaji. Ukiwa na ile printa yenye mlango wa mbele unaofunguka kama droo, utaijua tu.

Nilichofanya kwa sasa: nimechukua laptopu ya shemeji yangu, Windows 10, nimeizimia Wi-Fi, haigusi intaneti kabisa, kazi yake ni kuchapa tu. Flashi ya mteja inaingia kwanza kwenye Mint. Vile virusi vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati, kwenye Mint vinaonekana vimelala tu kama vifaili vya ajabu, havifanyi kitu, nafuta, nahamishia faili safi kwenye flashi yangu, ndipo inakwenda kwa shemeji. Kompyuta mbili, flashi mbili, kwa karatasi moja ya shilingi 200. Shemeji ameshaanza kuuliza laptopu yake inarudi lini.

NYONGEZA, saa 3 usiku: naona mmeshaanza.

Aliyesema ninunue printa mpya isiyohitaji draiva, inayochapa moja kwa moja hata kutoka kwenye simu: upo sahihi mkuu, ndiyo njia, nimezijaribu kwa rafiki yangu na Mint ilizipokea zenyewe. Nitumie hela.

Aliyesema nizuie draiva isipande toleo: asante, hili nimelifanya leo, ndilo jibu pekee la maana hadi sasa. Kwa nini haliandikwi popote mtu wa kawaida anapopita?

Aliyesema "rudi Windows 7 kama jirani yako": nimekaa nikalifikiria kwa dakika kadhaa, na hilo ndilo linalonitisha.

Anayeniita mshamba wa Microsoft na anayeniita mshamba wa Linux, mmeandika kwa kupishana dakika 4. Pigianeni simu.

Ninachotaka ni watu wenye steshenari au ofisi, siyo mabingwa. Mwenye printa ya leza anayotumia na Linux kila siku, aandike modeli, toleo la mfumo, na ajibu swali moja: ukichomoa waya wa umeme ukutani, ukahesabu hadi 10, ukachomeka, bila intaneti, inachapa? Kama hujajaribu, kajaribu kwanza ndipo uje kuandika. Mimi nipo hapa hadi bando liishe.