Eti "KIJANA"! Mtu niliyembeba kitandani kwangu leo ananiita kijana mbele ya kamati ya nidhamu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kikaoni sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mnamjua. Wa chuo chetu wote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa suti ya bluu inayombana makwapa, aliyejaza fomu ya kujitolea kuwa mwakilishi wa wanafunzi kwenye kamati. Kujitolea, halipwi hata senti, ni soda na maandazi mawili. Lakini anavyokaa pale utadhani kaapishwa Ikulu.

Kosa langu sibishi. Wadeni, msimamizi wa bweni, kanikuta na jiko la koili chini ya kitanda, dagaa wanachemka. Kupika chumbani ni marufuku, nilisaini mwenyewe siku naripoti. Nipigeni faini, nitalipa boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) likiingia.

Sasa nimeingia. Meza ndefu, mhadhiri mwenyekiti, katibu kutoka ofisi ya mlezi wa wanafunzi, mama wa maktaba (naye kajitolea upande wa wafanyakazi, Mungu ambariki, ndiye pekee aliyesema "karibu mwanangu, kaa"), na yeye. Katikati ya meza sufuria yangu, imebandikwa karatasi kwa selotepu: KIELELEZO NA. 1. Jamaa akafunua kifuniko kwa kalamu. Kwa KALAMU wakuu, kama yuko mochwari. Akachungulia, akakunja pua, akasema:

"Kijana, simama vizuri. Una lolote la kujitetea?"

KIJANA.

Huyu mtu mwaka wa kwanza alikosa chumba, nikambeba. Muhula mzima tumelala mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, nyayo zake kwenye mto wangu. Na sufuria ni hiyo hiyo! Ukoko wake alikuwa anaukwangua mpaka namwambia utaitoboa. Pale ilipobonyea ni yeye aliidondosha. Leo anaifunua kwa kalamu. Tena nimemzidi miezi saba!

Halafu kuna "msindikizaji", mwanafunzi mwingine wa kujitolea, kazi yake kunieleza utaratibu na kukaa pembeni yangu. Alifika nimeshaulizwa maswali matatu, akaninong'oneza: "Wewe ndiye yule wa bangi?"

Turudi kwenye kijana. Angesema "ndugu mtuhumiwa" ningemwelewa. Jina langu analijua, amelitaja kwa mlinzi wa geti mara mia, "naenda kwa fulani". Leo limemtoka kichwani, kabaki na kijana.

Nimepewa onyo la maandishi na faini, jiko limetaifishwa. Sawa. Kijana ndiyo haishuki kooni.

Kiti_Cha_Mbele: Nimekaa. Dagaa walikuwa wa Kigoma au wa Mwanza?

Mama_Riseji: KUMBE NI WEWE! Saa tatu usiku bloki B nzima giza, kompyuta yangu haina betri, kurasa kumi na moja za utafiti zimeenda na maji. Ningekuwa kwenye hiyo kamati ungetamani uitwe kijana.

Mtoa mada: Dada pole, lakini usihamishe mada. Alifunua kwa kalamu.

Wakili_Mtarajiwa: Mkuu, hoja yako kubwa umeipita. Mjumbe mliyelala kitanda kimoja alitakiwa kujiondoa kwenye shauri. Na soma Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a): chombo kinachoamua haki ya mtu kimpe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na rufaa ipo. Kata rufaa.

Bodaboda_wa_Getini: Wewe si ndiye uliyepata sapu, mtihani wa kurudia, ya somo la Katiba hiyo hiyo?

Wakili_Mtarajiwa: Ile ilikuwa makosa ya kujumlisha alama.

Chai_Bila_Sukari: Mtoa mada povu lote hilo na sufuria hukuosha. Mtu akikunja pua ana haki yake.

Mtumishi_Mpole: Na mimi nakaa kamati kama hiyo kwingine, upande wa wafanyakazi. Kikao kinaanza saa kumi kazi zikiisha, tunatoka saa mbili usiku, nauli yangu mwenyewe. Kumbukumbu naandika mimi kwa mkono, kwa kuwa mwandiko wangu eti unasomeka. Wiki iliyopita mtuhumiwa alikuja na baba, shangazi wawili na mchungaji. Mchungaji akaomba kufungua kwa sala, dakika ishirini. Mbona mimi sijafungua uzi?

Kiti_Cha_Mbele: Maandazi mlikula hamkula?

Mtumishi_Mpole: Nyie mna maandazi? Sisi ni maji, tena ya kugawana.

Sauti_ya_Bloki_C: Hawa wanaojitolea wanatafuta barua ya kuombea kazi tu. Wetu alikuwa mpole mpaka alipopewa beji. Sasa anakagua mpaka pasi.

Nilibeba_Nikajuta: Afadhali wako kakuita kijana. Niliyembeba mimi aliondoka na shuka, neti na ndoo. Ndoo! Ina jina langu kwa rangi nyekundu, naiona kila asubuhi bafuni.

Tabu_Tele: Wangu alikuwa anakemea mapepo saa tisa usiku. Pepo lenyewe mimi, nimelala pembeni yake.

Nilibeba_Nikajuta: Huko kwenu anayebebwa anachangia nusu ya ada ya chumba au chakula tu?

Tabu_Tele: Nusu. Kwa mdomo.

Mtoa mada: Jamani, kuna aliyesoma nilichoandika? KIJANA!!!

Fundi_Bloki_D: Nauza koili, imetumika muhula mmoja. Ukiiweka namba mbili haikati umeme.

Mama_Riseji: Thubutu!

Chai_Bila_Sukari: Namba mbili inaivisha maharage?

Fundi_Bloki_D: Maharage loweka kwanza. Dagaa dakika kumi.

Mtoa mada: Bei gani mkuu? Langu limebaki kule.

Fundi_Bloki_D: Kwako wewe kijana, elfu kumi na tano.