Maoni ya wateja kwenye tovuti: strip_tags, htmlspecialchars au DOMPurify?

KodaWaKisauni
Assalaam aleikum wadau. Natengeneza tovuti ya mkahawa mmoja hapa Mji wa Kale, PHP tupu bila Laravel (fremu ya PHP). Wateja wataandika maoni, na mwenye mkahawa ataka waweze kutia herufi nzito na viungo. Ili mtu asipenyeze skripti ya hila, nachagua kati ya tatu: strip_tags (yafuta tagi za HTML) wakati wa kuhifadhi, htmlspecialchars (yageuza alama kama < zisomeke kama maandishi tu) wakati wa kuonyesha, au DOMPurify (maktaba ya JavaScript ya kusafisha HTML) kwenye brauza. Nyinyi mngechukua ipi?

BintiBamburi
Waaleikum salaam kaka. strip_tags itoe kabisa. Ukiiruhusu ibakishe `<b>` na `<a>`, inabakisha na sifa zake zote (attributes, yale maneno ya ziada ndani ya tagi). `<b onmouseover="...">` inapita vivi hivi; msomaji akipitisha mshale juu ya maandishi, skripti ishafanya kazi.

mwinyi_php
Kura yangu htmlspecialchars, ila tazama seva yako ina PHP toleo gani. Kabla ya 8.1, usipoipa ENT_QUOTES (chaguo la kugeuza alama zote za kunukuu) haigusi ritifaa ('). Na menyu yako haikosi ng'ombe. Ukitoa `<input value='supu ya ng'ombe'>`, brauza inasoma "supu ya ng", kisha "ombe" inaichukua kuwa sifa nyingine. Hapo imeharibika supu tu. Mwenye nia mbaya pale penye "ombe" ataweka onfocus (sifa inayoendesha skripti kisanduku kikibofywa) na skripti yake.

KodaWaKisauni
Ajabu, tovuti yao ya zamani ina kinyume chake: menyu yaonyesha `ng'ombe` kwa wateja!

BintiBamburi
Hiyo imegeuzwa mara mbili, wakati wa kuhifadhi na tena wakati wa kuonyesha. Maneno ya mteja yaweke kwenye databesi kama alivyoyaandika, uyageuze yanapotoka. Maoni yale yale kesho yatakwenda kwenye SMS, au ndani ya JavaScript, na kila mahali pana kanuni zake. htmlspecialchars ni ya HTML. Ndani ya skripti tumia json_encode pamoja na JSON_HEX_TAG (chaguo la kugeuza < na >); ukiyaweka maneno yalivyo, mtu ataandika `</script>` akufungie skripti yako njiani.

likoni_js
Swali la kando: nimejaribu kutia `<script>` kwa innerHTML (njia ya JavaScript ya kuingiza HTML ukurasani), haikufanya kitu. Si ina maana brauza yenyewe yatulinda?

fundi_tudor
Yakhe, usidanganyike. Ni kweli `<script>` iliyoingizwa kwa innerHTML haitekelezwi, lakini jaribu `<img src=x onerror=alert(1)>` uone. Kuzuia neno moja moja ni kazi bure. Mwaka 2005 mtandao wa kijamii wa MySpace walikuwa wakifuta neno "javascript". Samy Kamkar akalikata katikati kwa mstari mpya, na kwa muda usiofika saa 20 kirusi chake kilikuwa kwenye kurasa za watu zaidi ya milioni moja. Maandishi matupu yaweke kwa textContent, isiyosoma tagi, basi.

Sasa kwa Koda. Ukitumia htmlspecialchars, `<b>` ya mteja itaonekana hivyo hivyo kama maandishi. Ukitaka herufi nzito kweli, lazima upate kisafishaji chenye orodha ya vinavyoruhusiwa. DOMPurify ni nzuri sana, lakini inasafisha kwenye brauza, kwa hiyo kila ukurasa unaotoa maoni lazima ukumbuke kuiita. Ukurasa wa msimamizi ndio husahauliwa, nao ndio wenye kuki ya thamani, ile inayomtambulisha msimamizi aliyeingia. Kwa PHP ningechukua HTML Purifier, kisafishaji cha PHP, kwenye seva. Ni nzito, kwa hiyo hifadhi nakala iliyosafishwa kando ya ile asili, na ikishasafishwa usiikatekate tena.

mwinyi_php
Mashekhe, mtu aliyekula biriani herufi nzito za nini? Rudi kwa mwenye mkahawa umuulize. Mimi nadhani ataka mistari tu isishikamane.

KodaWaKisauni
Nimempigia. Kweli, ni mistari tu, na kiungo kimoja cha ukurasa wa mteja.

BintiBamburi
Basi htmlspecialchars yatosha, ila kiungo kina kanuni yake. `javascript:alert(1)` haina herufi hata moja ya kugeuzwa, yaingia kwenye href ikiwa nzima. Hakikisha kinaanza na http:// au https://, kingine chochote kataa. Kuki ya msimamizi iwe HttpOnly (JavaScript isiweze kuisoma), na ukipata nafasi ongeza CSP (kanuni za usalama ambazo seva huipa brauza) isiyoruhusu skripti za ndani ya ukurasa.

mwinyi_php
Na nl2br, inayotia `<br />` penye mstari mpya, iite baada ya htmlspecialchars. Ukiitanguliza, wateja watasoma `<br />` kila mwisho wa mstari.