Mipasho ipigwe marufuku maharusini? Mie nakataa

Jamani naona mjadala wa mipasho, yaani nyimbo za kusutana, umerudi tena, kuna wanaosema taarab za rusha roho zisipigwe kabisa kwenye harusi zetu wala redioni kwa sababu ni matusi matupu, zinagombanisha majirani na kuvunja nyumba za watu. Hoja nimeielewa na nusu yake nakubali, lakini marufuku sikubali hata kidogo.

Mpasho ni karipio, na karipio kwa kawaida linashuka, baba anamkaripia mwana, mwalimu mwanafunzi, sheha watu wake. Sasa wa chini akidhulumiwa na wa juu akaseme wapi? Huku kwetu kasema kwenye nyimbo, zamani sana. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu kabla hajaenda Bombay 1928 kurikodi santuri, aliimba Kijiti, kisa cha mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar akauliwa, muuaji akakimbilia bara na kesi ikawageukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Pale muuza vyungu anaikaripia korti ya wakati wa Mwingereza, na jina la muuaji, Kijiti, kalitaja waziwazi, mpaka leo tunalijua. Tungemwambia anyamaze ati anagombanisha watu?

Lakini kwa jirani au mke mwenzio hutaji jina, na hapa ndo wengi wanachanganya. Ukumbini mwimbaji anaimba ubeti wa watu wote, mara bibi mmoja anainuka taratibu, noti mkononi, anakwenda kutunza kwenye ubeti ule ule, anapita mbele ya viti anajitingisha kidogo wala hamtazami mtu, na mwenye kuhusika keshajua kama kasutwa. Anaweza kujifanya hayamhusu, anaweza kungoja ubeti wake na yeye akainuka, lakini sitara yake hajavuliwa. Huo ni ustadi wallahi, si uhuni. Hata Pemba, washairi wa zamani Kamange na Sarahani walijibizana kwa tungo, na mtu kama vina na mizani vimemshinda hana ruhusa ya kumsuta mwenziwe.

Kinachoniudhi mie ni baadhi ya nyimbo za skuizi zinazomsema mtu kwa ugumba wake, umasikini wake, umbo alilopewa na Mungu. Karipio linakwenda kwenye kitendo, mtu aache, sasa mgumba aache nini? Hilo ni tusi lililotiwa kinanda tu. Na hizi voisi zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, jina la mtu na mtaa wake vyote humo, ndo mbaya zaidi, hazina ubeti hazina fumbo, na hakuna anayezidai zipigwe marufuku.

Basi mnaotaka marufuku nijibuni hichi kimoja tu, mkishawanyamazisha wanawake ukumbini, yule tajiri aliyemla mjane kiwanja chake na kila mtu mtaani anajua, nani atamwambia na atamwambia wapi?