Wewe uliyekuwa wa kwanza kwenu kufika chuo kikuu: tupeane uzoefu

Binti Langoni
Assalamu alaykum. Jana nilikuwa nikimsaidia kijana wa jirani hapa Amu (Lamu) kujaza fomu za chuo, tukafika mahali panapouliza baba na mama wamesoma hadi kiwango gani. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama madrasa inahesabiwa. Nimelala nikilifikiria swali hilo. Ninyi ambao nyumbani kwenu hapakuwa na mtu wa kuwaeleza chuo kikoje, mlijionaje mlipofika? Mliona ni mahali penu?

Kaka wa Maweni
Kwa kweli mimi nilijiona kama mtu aliyeingia harusini bila kualikwa.

Mwana wa Kizingitini
Mimi nitaeleza kwa urefu, mnisamehe. Nilipopata nafasi katika chuo kimoja cha bara, baba aliuza mashine ya mashua, na wavuvi wenzake wakachangia kilichobaki. Nilifika na karo mkononi nikidhani kazi imekwisha, kumbe vitanda vya hosteli vilikuwa vimeombwa kwa mtandao wiki kadhaa kabla, na wenzangu walijua kwa sababu kaka na dada zao walipita hapo. Nikawa nalala msikitini, na mlinzi akijua akanyamaza, Mungu amlipe.

Hilo lilikuwa dogo. Muhula ulipofika mwisho niliingia katika chumba cha mtihani, msimamizi akapitisha kidole katika orodha mara mbili, kisha akaniambia jina langu halimo. Kulipa karo ni jambo moja, kusajili kila somo kwa mtandao ni jambo jingine, nami hilo la pili sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote. Nilitolewa nje mbele ya darasa zima. Sijamaliza hata kushuka ngazi, baba akapiga simu kutoka kwenye mashua ya watu, ambako sasa alikuwa kibarua, akaniuliza mtihani umekwendaje. Nikamwambia, "Alhamdulillahi, baba, umekwenda vizuri."

Binti Langoni
Ya Rabi. Ikawaje?

Mtu wa Gongoni
Mzee alistahili kuambiwa ukweli, hasa baada ya kuuza chombo cha riziki yake.

Bi Mkubwa wa Faza
Wewe wa Gongoni, nyumba ambayo mashine imeuzwa huijui. Ukweli wa siku ile ungemfanya mzee apande basi la Mokowe usiku huo huo kwenda kumrudisha mwanawe.

Mtu wa Gongoni
Nimetoa maoni yangu, dada. Sikumtukana mtu.

Mwana wa Kizingitini
Msigombane kwa ajili yangu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, mtu wa Hola, alinikuta nimekaa kwenye ngazi akanishika mkono hadi ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Mimi hata sikujua kwamba ofisi hiyo ipo. Nilisajiliwa, nikafanya mitihani maalumu baadaye. Baba nilimweleza siku ya mahafali, akacheka, kisha akaacha kucheka.

Abu Mkomani
Kilichonitenga mimi ni mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo. Una riba ya asilimia 4, na baba alisema pesa hiyo haitagusa nyumba yake. Siku za kuingia kwa mkopo hosteli nzima ilichangamka, watu wakanunua viatu na kuku, nami nikawa sina la kuchangia hata katika mazungumzo. Wenzangu walidhani najidai mtawa.

Kaka wa Maweni
Wanazuoni wengine wanaruhusu kwa dharura ya elimu.

Abu Mkomani
Sikuja kuomba fatwa, shekhe. Naeleza yaliyonipata.

Bi Mkubwa wa Faza
Na sisi tulioupokea tulikuwa na mtihani wetu. Fungu la karo huenda moja kwa moja chuoni, na kinachomfikia mwanafunzi ni cha chakula na matumizi, lakini nyumbani walisikia tu kwamba serikali inanilipa. Shangazi aliniletea orodha kama vile nimeajiriwa. Ushauri wangu: tumeni kidogo, msiache.

Mtu wa Gongoni
Ushauri wangu: msitume hata senti, maana deni litadaiwa kwako, si kwa shangazi.

Mwanafunzi wa Shela, Malindi
Mbona hakuna aliyetaja kurudi? Mimi nasomea hesabu za bima. Likizo ya kwanza bibi aliuliza nitakuwa nani nikimaliza, nami nikajitahidi kumweleza kwamba tunakadiria watu wataishi hadi lini, ili kampuni ijue itoze kiasi gani. Alisema astaghfirullah, akamwita mama aje asikie ninachofundishwa huko. Chuoni mimi ni yule msichana wa pwani, na nyumbani nimekuwa yule aliyeharibiwa na bara, basi penye kunikubali nilivyo ni ndani ya basi tu, nikiwa njiani.

Kaka wa Maweni
Ndiyo maana mimi nasema mtu achague Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi. Kutoka Malindi ni kama kilomita 60 tu.

Mwanafunzi wa Shela, Malindi
Kaka, dada yangu yuko hapo. Kila Ijumaa anaitwa: leo harusi, kesho hitima, keshokutwa mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Nyumbani hawaelewi kwamba ana kazi ya kikundi Jumamosi, na wenzake wanamwona mvivu.

Kaka wa Maweni
Hapo umenishinda.

Msafiri wa Witu
Nimesoma yote. Mdogo wangu amepangiwa chuo cha Eldoret, kule kwenye baridi, na kwetu hakuna aliyewahi kuvuka Nairobi. Hosteli ameshaomba, na kuhusu kusajili masomo nimemsomea kisa cha kaka wa Kizingitini mara mbili. Sasa naomba kujua: blanketi moja litamtosha?

Mwana wa Kizingitini
Mawili, na soksi za sufu. Nitumie pia namba yake faraghani, kuna vijana wetu huko wa kumpokea stendi.

Mtu wa Gongoni
Moja linatosha. Msimlee kama yai.

Bi Mkubwa wa Faza
Msafiri, chukua mawili.