Mjadala: Je, bingwa wa ligi dhaifu anastahili kuingia mtoano wa Daraja la Tatu kabla ya mshindi wa pili wa ligi ngumu?

MTOA MADA

Kila ifikapo katikati ya Novemba, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, hutangaza timu zitakazoingia mtoano wa futiboli ya Kimarekani katika Daraja la Tatu, yaani daraja la vyuo ambavyo havimpi mchezaji ufadhili wa masomo kwa sababu ya uchezaji wake. Tangu msimu wa 2024 nafasi zimekuwa 40, na timu zinazozigombea ni takriban 240. Sehemu kubwa ya nafasi hizo ni tiketi za moja kwa moja za mabingwa wa ligi, na zinazobaki hugawiwa kwa fomula ya alama inayojulikana kwa kifupi kama NPI. Malalamiko nayo huwa yale yale: timu iliyoshinda michezo 8 na kupoteza 2 katika WIAC, ligi ya vyuo vya serikali vya Wisconsin, inaweza kubaki nyumbani huku bingwa wa ligi isiyomtisha mtu akipanda basi kwenda kucheza mtoano. Wapo wanaotaka tiketi za mabingwa zifutwe na nafasi zote 40 zijazwe kwa fomula. Mimi natetea tiketi hizo, na ninaomba tujadiliane kwa hoja.

Mzizi wa fitina ni ratiba. Timu ya Daraja la Tatu hucheza michezo 10 tu kabla ya mtoano, na ligi yenye wanachama tisa au kumi humeza minane au tisa kati ya hiyo. Unabaki mchezo mmoja, ikizidi sana miwili, wa kupimana nguvu na watu wa nje, na karibu yote huchezwa Septemba, wakati makocha wengine bado hawajajua nani ataanza katika safu ya ulinzi. Ndani ya ligi, ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwenzake, kwa hiyo iwe ligi ya simba au ligi ya paka, jumla ya matokeo yake daima ni nusu kwa nusu. Fomula haina njia ya kutambua kwamba hawa ni simba na wale ni paka isipokuwa kwa ile michezo michache ya Septemba.

Tuuangalie mchezo mmoja wa namna hiyo. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, wa mwaka wa nne anateguka kifundo cha mguu katika robo ya pili ya Jumamosi ya kwanza, kijana wa mwaka wa kwanza anaingia akiwa hajawahi kucheza hata dakika moja ya futiboli ya chuo, na timu inalala kwa pointi tatu. Wiki tatu baadaye kwotabeki amepona na timu inashinda kila anayekuja mbele yake. Hata hivyo kipigo kile hakiihusu timu hiyo peke yake tena, kwa sababu kimeingia katika hesabu ya ugumu wa ratiba ya wapinzani wake wote wa ligi, ambao siku hiyo hawakuwepo uwanjani na hawakuwa na namna ya kukizuia. NPI haihesabu tofauti ya pointi wala haiulizi nani alikuwa majeruhi. Inaangalia nani ameshinda, amemshinda nani, na huyo aliyeshindwa naye alimshinda nani. Kwa mpira wa kikapu, wenye michezo mingi zaidi na wapinzani wa kila aina, hesabu hiyo ina mashiko. Kwa michezo 10 inayochezwa zaidi na majirani, tunajenga nyumba kubwa juu ya nguzo mbili.

Umbali nao unachangia. Daraja la Tatu hupata asilimia 3.18 tu ya mapato ya NCAA, na vyuo vyenyewe havina fedha za kurusha wachezaji zaidi ya sitini kwa ndege kila wiki, kwa hiyo wengi hucheza na wale wanaofikika kwa basi. Chuo cha Linfield kilichoko McMinnville, Oregon, ambacho tangu 1956 kilijenga rekodi ya misimu ya ushindi isiyofikiwa na timu nyingine ya chuo, kina majirani wachache wa kucheza nao, na msimu mzima unaweza kupita bila kukutana na timu yoyote ya Ohio au Pennsylvania. Kuzilinganisha timu hizo kwa desimali, kisha kusema desimali hiyo itumike kumfungia bingwa mlango, ni kuipa fomula ujuzi isiokuwa nao.

Wanaotaka mabingwa dhaifu waondolewe husema kwamba wanaleta matokeo ya aibu. Lakini matokeo ya namna hiyo huja hata bila wao. Mtoano wa kwanza wa daraja hili, mwaka 1973, ulikuwa na timu nne tu, na hakukuwa na bingwa yeyote aliyeingia kwa haki ya moja kwa moja. Fainali yake iliisha kwa Wittenberg kuichapa Juniata 41 kwa 0. Mwaka 2013, timu mbili ambazo kila mtu alikubali kwamba ndizo kubwa kuliko zote katika kizazi kile zilikutana fainali, na Whitewater, chuo cha ligi ya WIAC, ikaibugiza Mount Union ya Ohio 52 kwa 14. Hakuna aliyesema Mount Union haikustahili kuwepo.

Upande wa pili tunayo Cortland ya 2023. Bingwa huyo wa ligi ya Empire 8, kutoka jimbo la New York, aliingia mtoano akiwa amepoteza mchezo mmoja, na katika fainali iliyochezwa Salem, Virginia, akakutana na North Central ya Illinois, bingwa mtetezi ambaye hakuwa amefungwa msimu ule wala uliotangulia. Dakika za mwisho North Central walipata tachidauni, yaani bao la pointi sita, iliyowafikisha 37 dhidi ya 38, wakakataa kupiga teke la pointi moja la kusawazisha, wakajaribu pointi mbili ili wamalize kazi pale pale, na Cortland wakawazuia. Sidai kwamba fomula ingeiacha Cortland nje. Ninachosema ni kwamba asubuhi ya siku ile hakuna hesabu yoyote ya maana iliyowaona mabingwa ndani yao, na hesabu hizo hizo ndizo tunazoombwa tuzikabidhi ufunguo wa mlango.

MCHANGIAJI WA PILI

Nampongeza mtoa mada kwa kuiweka hoja wazi, lakini anazungumza kana kwamba nguvu ya ligi ni siri inayofichuliwa Septemba na kusahaulika Oktoba. Sivyo. Kila Desemba mtoano wenyewe unatuonyesha. Kuanzia 2005 hadi 2011, miaka saba mfululizo, fainali ilikuwa kati ya timu mbili zile zile, Mount Union na Whitewater, na zikarudi tena 2013 na 2014. Mount Union ina mataji 13, Whitewater 6. Anayemaliza wa pili katika WIAC amepita msimu mzima akipambana na vyuo vya serikali vyenye maelfu ya wanafunzi, wakati bingwa wa ligi fulani amecheza na vyuo visivyofikisha wanafunzi elfu mbili, ambavyo baadhi yake huhangaika kujaza kikosi. Kuwaambia vijana wa Wisconsin kwamba kosa lao ni kusoma jirani na Whitewater si haki, ni adhabu ya jiografia.

Tusisahau pia kwamba kuwa katika ligi moja si kuwa sawa. St. Thomas ya Minnesota iliichapa St. Olaf, mwenzake wa ligi ya MIAC, 97 kwa 0 mwaka 2017. Miaka miwili baadaye vyuo vya ligi hiyo viliamua kwamba St. Thomas iondoke, na kufikia 2021 ilikuwa Daraja la Kwanza. Ikiwa ligi yenyewe inaweza kukiri kwamba wanachama wake hawalingani kiasi hicho, kwa nini tuamini kwamba mabingwa wa ligi zaidi ya ishirini wanalingana? Ubingwa ni heshima kubwa ndani ya ligi, na watu wapewe kombe lao na waandamane nalo mjini. Mtoano wa taifa ni jambo jingine, na lengo lake ni kukusanya timu bora. Fomula ina kasoro, nakubali, ila ni kasoro inayowagusa wote kwa kipimo kimoja, na unaweza kuirekebisha kwa kubadili uzito wa vigezo. Tiketi ya moja kwa moja hairekebishiki, kwa sababu haijali kabisa kama timu ni nzuri au mbaya.

MCHANGIAJI WA TATU

Naomba niulize kuhusu miili ya vijana, maana wote wawili mmezungumza kuhusu haki tu. Mwaka 2019 chuo cha Grinnell, Iowa, kilifuta msimu wake baada ya michezo mitatu kwa sababu kilibaki na wachezaji 28 wenye afya. Chuo cha namna hiyo kikipata mwaka mzuri na kutwaa ubingwa wa ligi yake, kinapelekwa kugongana na kikosi chenye wachezaji zaidi ya mia. Isitoshe, mtoano wa timu 40 una raundi sita, na anayeanza raundi ya kwanza akifika mwisho atakuwa amecheza michezo 16. Fainali ya msimu wa 2024 ilichezwa Houston tarehe 5 Januari 2025. Hawa ni wanafunzi wanaolipa karo, na mitihani yao iko Desemba. Nani amewafikiria?

MTOA MADA

Nianze na mchangiaji wa tatu, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Bingwa wa ligi dhaifu kwa kawaida hucheza wiki moja ya ziada na kurudi maktaba. Wanaokesha na mitihani na mtoano kwa pamoja ni North Central na Mount Union, na kuondoa tiketi za mabingwa hakutawapunguzia raundi hata moja. Kuhusu kugongana na vikosi vikubwa, mfumo wa timu 40 tayari umesaidia, kwa sababu raundi ya kwanza huchezwa na timu 16 za chini, huku 24 zikisubiri. Bingwa mdogo anaanza na mtu wa saizi yake au anayemkaribia, ingawa bajeti ya safari wakati mwingine huvuruga upangaji huo.

Kwa mchangiaji wa pili, Desemba ya 2005 hadi 2014 inatuambia habari za Mount Union na Whitewater, na inazieleza vizuri. Haituambii lolote kuhusu timu ya tatu ya Wisconsin mwaka huu, kwa sababu mchezaji wa chuo hudumu miaka minne au mitano na ligi hairithishi misuli. Hata kama tungekubali kwamba ligi hiyo ni bora mwaka hadi mwaka, na mimi nadhani mara nyingi ndivyo ilivyo, mabadiliko ya 2024 yaliwanufaisha watu kama hao hao. Mtoano wa timu 32 ulibakiza nafasi chache mno za wasio mabingwa, hazikufika kumi. Ulipopanuliwa hadi 40 ziliongezeka, na ni sahihi kwamba hizo zigawiwe kwa NPI. Fomula inafaa kuchagua kati ya timu ambazo zote zilipata nafasi ya kujipatia tiketi uwanjani zikaipoteza. Mshindi wa pili wa WIAC alikuwa na tiketi hiyo mkononi hadi siku alipofungwa, na aliyemfunga ni mtu anayemjua vizuri.

Nashukuru pia kwa mfano wa 97 kwa 0, maana unanisaidia zaidi mimi. Kwa kanuni ya NPI, kipigo hicho kingeandikwa kama kipigo kimoja tu, sawa na cha pointi moja, na aliyechapwa angepata faida katika ugumu wa ratiba kwa kuwa amecheza na mtu mkubwa. Timu inayoshika nafasi ya nne katika ligi yenye vigogo inapandishwa alama na vigogo wale wale wanaoifunga. Hicho ndicho kipimo kimoja kwa wote kinachosifiwa.

Ikiwa tunataka fomula iaminike zaidi, dawa iko kwenye ratiba, si kwenye tiketi. Kila ligi ilazimike kuacha Jumamosi mbili za Septemba bila mchezo wa ndani, na Jumamosi moja kati ya hizo ichezwe na timu ya ligi isiyo jirani yake wa kila mwaka, kwa umbali ambao basi linaufikia. Vyuo vya Illinois vilivyo katika ligi ya CCIW vinaweza kufika Iowa na Michigan, vya New York vinaweza kufika Pennsylvania na New England, na nauli haitaongezeka sana. Wakuu wa ligi watalalamika kwamba watapoteza michezo ya watani wa jadi, na malalamiko hayo nayaelewa, lakini huwezi kukataa kupimwa na wa nje kisha ukadai nafasi mbili au tatu za ziada kwa kuwa wewe ni mgumu.

Nabaki na swali moja kwa mchangiaji wa pili. Tuchukue bingwa aliyemaliza michezo 10 bila kupoteza, katika ligi unayoiita dhaifu. Ukimwondoa ili umpe nafasi mtu aliyefungwa mara mbili, utamwonyesha mchezo gani ambao alipaswa kuushinda na hakuushinda?