Fundo gumu begani, nikilibonyeza kichwa kinauma. Naombeni ushauri

SindanoNaUzi:
Habari zenu wanajamvi. Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa 9. Tangu oda za sare za shule zianze kumiminika mwezi wa 12, nina kitu kigumu bega la kulia, pale shingo inapokutana na bega. Ukipapasa unakikuta kama punje ya hindi chini ya ngozi, kimelala kwenye msuli uliokaza kama kamba. Nikikibonyeza, maumivu yanapanda nyuma ya sikio mpaka panjani.

Nimeshamaliza chupa mbili za dawa ya kuchua. Kuna mama mtaani alinichua mpaka machozi yakanitoka, kesho yake bega likavilia damu. Sasa kila jioni nameza diklofenaki ndipo nilale. Jirani mmoja anasema mshipa umejikunja, mwingine gesi, mwingine anasema ni uvimbe niende nikapasuliwe. Hilo la mwisho ndilo limeninyima raha kabisa. Hili fundo ni nini hasa, na linatokana na nini?

MamaWaChumbageni:
Pole sana mwanangu. Usirudi tena kwa huyo wa kukuchua kwa nguvu. Sisi Tanga tunakanda: taulo kwenye maji ya moto, likamue, liweke begani mpaka lipoe, rudia. Bega linalegea lenyewe, halilazimishwi.

TibaViungo:
Dada, pole. Nafanya kazi ya fiziotherapia, na mafundi cherehani nawapokea kila msimu wa sare.

Kwa ulivyoeleza, inafanana sana na fundo la msuli. Siyo mshipa uliojikunja, wala si gesi iliyoingia begani. Ni sehemu ndogo ya nyuzi za msuli zilizobana na hazijaachia. Zikibana hivyo zinaminya vijishipa vya damu vinavyozilisha, oksijeni inapungua, na msuli unahitaji nguvu hata ili uachie! Kwa hiyo unabaki umebana, neva za hapo zinachokozeka, unauma. Watafiti bado wanabishana kuhusu undani wake, lakini hayo ndiyo maelezo yanayotumika zaidi.

Hilo la kuruka mpaka panjani lisikutishe. Dkt. Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alitumia miaka mingi kuchora maumivu ya kila msuli yanakokimbilia. Msuli wa juu ya bega unajulikana kwa kupeleka maumivu nyuma ya sikio na panjani. Wengi hutibiwa kichwa wakati ugonjwa uko begani.

Diklofenaki ya kila siku bila daktari naomba uiache. Inachubua tumbo na inaumiza figo.

Sasa nijibu: unakalia nini, na mwanga unatokea wapi?

SindanoNaUzi:
Asante sana. Nakalia stuli ya plastiki, ya chini. Meza ya cherehani iko juu, kwa hiyo kiwiko cha kulia kinakuwa kimeinuka muda wote. Mwanga unatoka mlangoni, nyuma yangu. Sketi ni za bluu iliyoiva na uzi ni huohuo, nisipoinama mpaka pua ikaribie sindano sioni mshono. Hata sikuwahi kulifikiria hilo.

TibaViungo:
Basi fundo lako linatoka hapo. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5. Ukiinama, shingo na mabega ndiyo yanayokishikilia kisianguke, na bega lako la kulia lina mzigo wa pili wa kuning'iniza mkono. Msuli hauchoshwi na kazi nzito peke yake. Kazi ndogo isiyo na pumziko inauchosha vilevile. Ongeza usingizi haba na wasiwasi wa oda, ambao nao huwafanya watu wapandishe mabega bila kujua.

Weka mto mgumu kwenye stuli mpaka kiwiko kilingane na meza. Tafuta taa ya kuweka karibu na sindano, hilo usiliache hata kidogo, kwa sababu ukipanda juu bila mwanga utainama zaidi. Kila ukimaliza sketi moja, simama, zungusha mabega, laza sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto uhesabu mpaka 30. Jioni kanda kama mama alivyosema, kisha bonyeza fundo kwa vidole, maumivu ya kuvumilika tu, nusu dakika, achia.

Ila kwa maandishi siwezi kukupima. Kitu kikiendelea kukua, ukipata homa, ganzi au mkono kukosa nguvu, nenda hospitali. Na yeyote anayesoma hapa: maumivu ya bega yanayokuja na kifua kubana, jasho au pumzi kukata, usikande, kimbia hospitali muda huohuo.

DerevaWaTunduma:
Mimi langu lilikuwa kwenye tako la kulia. Nilikuwa nakalia pochi nene mfuko wa nyuma kutoka Dar mpaka Tunduma, safari baada ya safari. Nilipoitoa pochi ndipo dawa zikaanza kusaidia.

SindanoNaUzi:
Narudi baada ya wiki 3. Nilikwenda kupimwa, daktari amekagua na kusema ni msuli, hakuna uvimbe. Nimelia kwa furaha palepale. Nimepata taa ndogo ya kubana mezani na mto nimeushona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa. Diklofenaki nimeacha. Punje bado ipo, lakini nikiibonyeza maumivu yanaishia shingoni, hayafiki tena panjani. Siku nilizokesha kumaliza oda inarudi kukaza, hiyo nimeiona wazi. Mama wa Chumbageni, taulo nakanda kila usiku. Asanteni sana.