Msaada: Duka la vyakula vya Kigiriki kwa mara ya kwanza, nichukue nini na niache nini?

Mgeni_wa_Kaunta
Habari zenu wakuu. Jumamosi naingia mjini kwenye duka la vyakula vya Kigiriki, yale yenye kaunta ya jibini, ndoo za zeituni na rafu zimejaa makopo ya maandishi nisiyoyasoma. Jumapili nina wageni sita. Nataka saladi yao ya kweli na kitu kimoja cha moto. Njiani nitatumia kama saa mbili kabla sijafika kwenye friji. Nisaidieni: jibini ya feta ipi, mafuta ya zeituni yapi, zeituni zipi, na wapi wageni hupigwa?

Jibini_Kwanza
Karibu mkuu. Anza na feta, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Umoja wa Ulaya unalilinda jina hili tangu 2002: itoke Ugiriki bara au kisiwa cha Lesvos, maziwa ya kondoo yasipungue asilimia 70, yanayobaki yawe ya mbuzi, na ikomae si chini ya miezi miwili. Maziwa ya ng'ombe hayamo hata tone. Nje ya Ulaya, Marekani ikiwemo, jina feta hubandikwa hata kwenye jibini ya ng'ombe, kwa hiyo usiishie kwenye jina. Tafuta herufi ΠΟΠ, alama ya Kigiriki ya jina linalolindwa, au nembo ya duara ya nyekundu na njano.

Kaunta nzuri huwa na ya pipa na ya kopo. Ya pipa la mbao imekaza, ina ukali unaochoma ulimi kidogo. Ya kopo ni laini, uchachu wake mpole. Kwa saladi ya watu sita chukua gramu 400 za pipa. Omba kuonja wala usione haya. Feta nzuri ni nyeupe pe, na ukiivunja inameguka. Ikivutika kama mpira, rudisha.

Kisha mwambie muuzaji akutilie na maji yake ya chumvi kwenye chombo. Usiondoke bila hayo.

Chumvi_Kiasi
Naongezea hapo kwenye maji. Kama hakupi, ukifika nyumbani chemsha nusu lita ya maji na gramu 35 za chumvi, acha yapoe kabisa, ndipo uzamishe jibini yote. Kosa la kila siku ni kuiweka kwenye maji matupu: chumvi na kalsiamu vinatoka kwenye jibini kuingia kwenye maji, na baada ya siku chache uso wake unateleza kama sabuni. Ikiwa ni kali mno kwa wageni wako, loweka kile kipande cha siku hiyo tu kwenye maziwa baridi kwa nusu saa.

Kwa safari ya saa mbili, mfuko wa kuhifadhi baridi na chupa moja ya maji yaliyoganda inatosha.

Mgeni_wa_Kaunta
Shukrani. Na mafuta? Nimesikia ya kijani kibichi ndiyo bora.

Mkamuaji
Rangi isikubabaishe. Waonjaji rasmi hutumia bilauri za bluu makusudi ili rangi wasiione. Angalia vitu viwili: msimu wa mavuno na chombo. Mavuno ya Ugiriki huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Januari hivi, kwa hiyo chupa huandikwa miaka miwili pamoja. Chukua ya msimu wa karibuni. Chombo kiwe kopo au chupa nyeusi. Chupa nyeupe iliyosimama dirishani juani, hata iwe na medali kumi, iache hapo hapo.

Mafuta ya daraja la juu kabisa hayaruhusiwi kuzidi asilimia 0.8 ya asidi, lakini namba hiyo ni ya maabara, ulimi hauisikii. Dukani mimina kidogo kwenye kikombe, kifumbate mkononi dakika moja kipate joto, nusa, kisha kunywa. Yakikukwaruza koo mpaka ukohoe, huo ni uzuri, si ubovu. Yakinuka kama karanga za zamani, yameshaharibika. Aina ya zeituni ya Koroneiki ndiyo imeenea zaidi na haikuangushi. Kwa saladi nusu lita inatosha. Kopo la lita tano ni la mwenye kulimaliza.

Sufuria_Nzito
Zeituni: za Kalamata zina umbo la lozi, rangi ya zambarau iliyokolea, na haziwi zote rangi moja. Zile nyeusi tititi, zote sawasawa, mara nyingi zilivunwa kijani zikageuzwa weusi kwa hewa na madini ya chuma. Kwenye viungo utaona E579. Hazina ladha ya maana. Chukua zenye kokwa, gramu 200. Zilizotolewa kokwa hunywa maji ya chumvi mpaka ndani na kulegea.

Kitu cha moto, nunua jibini ya halloumi ukaange. Rahisi.

Jibini_Kwanza
Mkuu @Sufuria_Nzito, halloumi ni ya Kupro. Si dhambi kuikaanga, ila kama anataka meza ya Kigiriki basi ni saganaki, yaani jibini ya kukaangwa, na jibini yake ni zile ngumu, kefalotyri au graviera. Kata vipande vya unene wa sentimita moja na nusu, gramu 80 kwa mtu. Chovya kwenye maji baridi, gandamiza kwenye unga wa ngano, kung'uta. Mafuta yawe ya moto kweli kabla hujaweka, kisha dakika moja na nusu kila upande, limau juu, kuliwa papo hapo. Kikaango kikiwa vuguvugu jibini inayeyuka kabla ganda halijashika, unabaki na uji.

Sufuria_Nzito
Nimekubali, mkuu.

Kinu_na_Mchi
Mitego sasa. Mtindi ulioandikwa "mtindo wa Kigiriki" mara nyingi umekazwa kwa wanga au unga wa maziwa. Wa kweli umechujwa, viungo vyake ni maziwa na bakteria wa mtindi tu. Taramas, yaani mayai ya samaki ya chumvi, ikiwa ya waridi imetiwa rangi, chukua iliyofifia. Mastiha, utomvu wa mti kutoka kisiwa cha Chios, ni ghali lakini kidogo kinafika mbali: robo kijiko cha chai kwa nusu kilo ya unga, ukizidisha keki inakuwa chungu. Igandishe kwanza, uitwange na kijiko cha sukari, la sivyo utomvu wake unanata kwenye kinu na hautoki.

Filo, zile karatasi nyembamba za unga, iliyogandishwa usiinunue safari hii. Saa mbili njiani itaanza kuyeyuka, na ukiirudisha kwenye friza karatasi zinashikana.

Mgeni_wa_Kaunta
Nimeandika yote. Swali la mwisho: saladi niiandae asubuhi?

Chumvi_Kiasi
Hapana. Nyanya na chumvi vikikaa pamoja saa nzima, bakuli linajaa maji. Kata nyanya, tango na kitunguu wageni wakiwa wameshaketi, tia zeituni, usiweke majani ya saladi. Feta iwe bamba zima juu, mafuta, oregano iliyosuguliwa viganjani. Feta itoe kwenye friji nusu saa kabla, ikiwa baridi sana haina harufu.